Nimemwambia bibi nimeitwa chuo kikuu, na bado ninangoja

Asalaam alaykum, Shangazi, na baada ya salamu nakuamkia shikamoo.

Mimi ni msichana wa miaka kumi na tisa, mzaliwa wa Langoni katika kisiwa cha Lamu, na katika nyumba yetu ni mimi wa kwanza kumaliza kidato cha nne. Nilifanya mtihani wa KCSE mwaka jana, na matokeo yalipotangazwa mwezi wa Januari nikapata A-, pointi 76 kati ya 84. Furaha ya siku ile ilidumu siku tatu. Siku ya nne nilianza kupiga hesabu, na mpaka leo sijaacha.

Nimeomba kusomea udaktari. Nimeuweka katika chaguo la kwanza na katika mawili yanayofuata, kila moja na chuo chake, kisha nikaweka ufamasia, na mwisho kabisa uuguzi katika Chuo Kikuu cha Pwani pale Kilifi. Pointi zangu za klasta, zile zinazotumika kuwapanga wanafunzi katika kozi, kwa udaktari ni 43.7, na chuo ninachokitamani kilifungia mwaka jana juu kidogo ya hapo, kwa tofauti isiyofika hata pointi moja. Naijua tofauti hiyo ilikotoka. Ni Kemia, somo nililopata B+, na naikumbuka karatasi ya vitendo, jinsi mkono ulivyonitetemeka nikaachia tone moja la ziada, na maji yakageuka mekundu badala ya waridi hafifu. Usiku nikifumba macho huliona lile tone.

Sasa ni msimu wa kusi, miezi imepita, na majibu ya nafasi za vyuo tunaambiwa yatatoka wakati wowote. Kungoja kwenyewe ningekumudu lau ningengoja peke yangu. Lakini wewe unaujua mji wetu. Vichochoro ni vyembamba hata punda wawili hawapishani bila mmoja kusimama, na huwezi kwenda dukani kununua chumvi bila kupita madaka manne au matano, yale mabaraza ya milangoni, yaliyojaa watu, na kila daka lina swali lile lile: "Umeitwa?" Wengine huuliza kwa mapenzi, wengine huuliza ili wajue tu. Nikijibu kwamba bado, hunitazama kama mtu anayeficha habari ya msiba.

Aliyenisomesha hasa ni bibi yangu, mzaa baba. Baba ana mashua, na miezi kama hii bahari ikichafuka hukaa wiki nzima bila kazi. Bibi hushona kofia za vito. Kofia moja humchukua miezi, na karo ya kila muhula ilitoka katika vidole vyake. Macho yake sasa hayaoni tundu la sindano, kwa hiyo tangu nikiwa shule ya msingi kazi yangu ya kila jioni baada ya magharibi ni kumtungia uzi katika sindano kadhaa ili apate za kutumia kesho yake. Mwanzoni hakuelewa nilichokuwa nikingojea. Kwake yeye chuo ni cha Kurani, na aliniuliza, "Chuo gani tena, na wewe umeshahitimu?" Nilipomweleza, naye akaanza kuuliza kila siku.

Jioni moja, mwezi uliopita, nilikuwa nimetoka kutazama simu kwa mara ya kumi au zaidi na mtandao ukawa haushiki. Nikaketi kumtungia uzi, akauliza, "Mjukuu wangu, umeitwa?" Sijui nini kilinitoka. Nikasema, "Nimeitwa, bibi." Akaiweka kofia chini, akaelekea kibla, akasujudu. Alipoinua uso alikuwa analia.

Nilitaka kusema palepale kwamba nimekosea, lakini alikwisha kumwita mama, na mama akawaita majirani. Wakauliza ameitwa kusoma nini, na ndugu yangu wa miaka kumi na mmoja, aliyesimama mlangoni, akawajibu, "Udaktari." Nikanyamaza. Kesho yake zililetwa sahani za halwa. Ami yangu anayefanya kazi Malindi alituma shilingi 20,000 akisema ni za daktari wetu, na mama amezifunga katika pindo la kanga ndani ya kabati. Baba huitwa Baba Daktari pale gatini. Juzi nilimsikia akimwambia mama kwamba pesa zikipungua atauza mashua, maana kuna mtu wa Shela aliyekwisha kumuulizia bei.

Shangazi, silali, chakula hakipiti, na jioni siku hizi hujifungia chumbani nikisingizia kusoma. Nikiitwa udaktari, uongo wangu utakuwa umegeuka kweli na hatajua mtu. Nikikosa, nitakuwa nimemdanganya mzee aliyemaliza macho yake kwa ajili yangu, na mimi mwenyewe nitakuwa si kitu. Je, nimwambie bibi sasa, au ningoje majibu?

Jina limehifadhiwa, Lamu.

JAWABU LA SHANGAZI

Waalaykum salaam, mwanangu, na marahaba.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza niliisoma kwa ajili ya ule uongo, kama ulivyotaka niisome. Mara ya pili niliuruka uongo nikasoma yaliyobaki, nikaona kwamba swali uliloniuliza mwishoni ni moja, ilhali barua ina maswali matatu yaliyofungwa katika bunda moja: la majibu ya chuo, ambayo hayako mikononi mwako, la watu wa nyumbani, ambao wameanza kutenda mambo kwa neno ulilolisema, na la wewe mwenyewe, unayesema utakuwa si kitu. Niruhusu niyafungue moja moja, ingawa sitayagawia nafasi sawa.

Nianze na hizo 43.7, kwa sababu naona umelala nazo miezi mitano. Pointi za klasta, kama unavyojua, hutokana na masomo manne yanayotakiwa na kozi yakichanganywa na matokeo yako ya jumla, na ukomo wake ni 48. Lakini ile namba ya mwaka jana unayojilinganisha nayo, nadhani unaichukulia kuwa kitu ambacho sicho. Wengi hudhani kwamba chuo hukaa kikao kikaamua kutompokea aliye chini ya pointi fulani. Sivyo inavyokuwa. Namba ile ni pointi alizokuwa nazo mwanafunzi wa mwisho kuingia katika kozi hiyo mwaka jana, basi. Alikuwa wa mwisho kwa sababu nafasi zilikuwa na idadi yake na walioziomba walikuwa na alama zao. Mwaka huu nafasi zaweza kuzidi au kupungua, na waombaji ni watu wengine kabisa, waliofanya mtihani mwingine. Namba yenyewe itajulikana baada ya shirika la KUCCPS kumaliza kuwapanga nyote, wala si kabla. Sikwambii haya ili nikupe tumaini, kwa kuwa yaweza kushuka na yaweza kupanda. Nakwambia kwa sababu umekuwa ukijipima kila usiku kwa kamba ambayo mwaka huu haijakatwa.

Na lile tone la Kemia, mwanangu, nilifundisha sekondari miaka mingi na nimewaona wanafunzi wengi wakitoka maabara na tone lao. Huenda ni kweli lilikupunguzia alama, na huenda hesabu zako za karatasi nyingine ndizo zilizokupunguzia zaidi, kwa maana gredi ya Kemia hutokana na karatasi tatu, si moja. Akili iliyochoka kungoja hutafuta kitu kimoja cha kulaumu, na kitu chenye rangi hukumbukwa upesi.

Nitakwambia jambo la zamani, lisilokusaidia sana ila kukuonyesha kwamba hukuzaliwa peke yako katika hali hii. Miaka ile ya mwanzo ya KCSE, mtihani ulioanza 1989, wanafunzi walipangwa na bodi ya pamoja ya vyuo vikuu, na kwa msongamano uliokuwapo mtu aliweza kukaa karibu miaka miwili nyumbani kabla ya kuingia darasani. Barua ilikuja kwa posta. Hapakuwa na simu ya kutazama mara kumi kwa siku, na sijui kama hiyo ilikuwa rehema au adhabu. Ninachojua ni kwamba tulipoulizwa kila jioni tuliweza kusema "posta haijafika", na lawama ikabebwa na posta. Nyinyi mnaulizwa jambo ambalo watu wanaamini limo ndani ya simu mliyoishika, kwa hiyo kila "bado" husikika kana kwamba ni kosa lenu. Watakwambia subira huvuta heri, na sina ugomvi na msemo huo, lakini anayekwambia kwa kawaida ni mtu ambaye yeye hangoji kitu.

Sasa nije kwa bibi yako.

Nimeitafuta katika barua yako sentensi ambayo bibi anatamka neno udaktari, sikuiona. Aliuliza kama umeitwa. Ulipomwambia umeitwa, alisujudu, na wakati huo hakuwa amejua umeitwa kusoma nini. Neno udaktari lilitoka kwa mtoto wa miaka kumi na mmoja mlangoni, likaenda kwa majirani, likavuka maji likafika Malindi. Sisemi hivyo ili niupunguze uongo wako, kwa sababu ulisema umeitwa na hujaitwa, na ndugu yako alipoongeza lake ukanyamaza. Lakini wewe umeniandikia kana kwamba bibi anamngoja daktari, na mimi najiuliza kama kweli anamngoja daktari au anamngoja mjukuu wake tu. Kwa alama ulizozipata na namna ulivyopanga machaguo yako, kuna uwezekano mkubwa kwamba utaitwa mahali fulani. Huenda isiwe udaktari. Je, kwa mwanamke ambaye kwake neno chuo ni la Kurani, tofauti kati ya ufamasia, uuguzi na udaktari ni kubwa kama unavyoiona wewe? Mimi simjui. Wewe umekaa naye kila jioni miaka zaidi ya kumi, na nashuku kwamba jawabu unalo, ila hujathubutu kulitazama.

Ungoje majibu kabla ya kusema? Njia hiyo ina mvuto wake, na sitajifanya siuoni. Ikiwa jina lako litatoka katika udaktari, nyumba haitatikisika, halwa itakuwa imeliwa kwa haki, na bibi hatapata jeraha lisilo na lazima. Lakini hukuniandikia kama mtu aliyeko salama akingoja. Hulali, huli, na umejifungia chumbani. Hata ukiitwa, utakuwa umejifunza kwamba furaha ya watu wako hulindwa kwa kufichwa, na huko uendako miaka sita ya udaktari ina mitihani mingi ya kuanguka na kufichwa. Na ukikosa, utakuja na habari mbili kwa mpigo, ya kwamba hukuitwa na ya kwamba ulisema uongo, na ni vigumu msikilizaji kuzitenganisha.

Useme sasa? Basi utazitenganisha mwenyewe. Utasema, "Bibi, siku ile nilichoka kuulizwa, nikasema jambo ambalo halijawa." Ni sentensi fupi, lakini najua uzito wake, na najua hatari zake pia. Bibi anaweza kuona haya mbele ya majirani waliotangaziwa, na haya ya mzee si jambo dogo katika mji ambao kila mtu anajua ya kila mtu. Anaweza kukukasirikia. Baba anaweza kukaa siku kadhaa bila kusema nawe. Na pengine wiki moja baadaye ukaitwa kweli, ukabaki ukijiuliza kwa nini uliwaumiza bure. Hayo yote yaweza kutokea, na wewe ndiye utakayeyaishi, si mimi niliyekaa hapa na karatasi yangu.

Iko njia ya tatu ambayo hukuitaja, nayo ni kumwambia mtu mmoja kwanza. Katika barua yako mama yumo, lakini hana sauti. Anaita majirani, anafunga pesa katika kanga, anaambiwa na baba habari ya mashua. Hukuniambia ni mtu wa namna gani. Je, ni mama anayeweza kubeba jambo kwa siku mbili kabla ya kulitua mahali panapofaa? Kina mama wengi wa kwetu ndio waliosimama kati ya mtoto na hasira ya nyumba, na wengine, Mungu awasamehe, hawawezi kulifunga jambo hata kwa fundo. Kama si mama, pengine halati, ndugu wa kike wa mama, au mwalimu wako wa zamani. Faida ya mtu mmoja ni kwamba utalisikia neno lako likitoka kinywani mara ya kwanza mbele ya mtu asiyelia. Hasara yake ni kwamba siri ikishakuwa ya wawili, huwezi tena kuamua peke yako itoke lini.

Lakini, mwanangu, kuna mtu mwingine ambaye umemweka mwishoni mwa barua kama kwamba ni nyongeza, na kwangu mimi huyo ndiye aliyenitia wasiwasi kuliko bibi. Ni baba yako na ile mashua. Uongo wako kwa bibi umeshatenda ulilotenda, na wiki mbili zaidi hazitaubadilisha sana. Mashua ikishauzwa imeuzwa, na anayeinunua hatairudisha kwa sababu msichana wa Langoni alikosea neno jioni moja. Kwa hiyo unapojiuliza kama ungoje au useme, jiulize kwanza ni nani ambaye kungoja kwako kunaweza kumgharimu kitu kisichorudi.

Na hapa yapo mambo ambayo baba anaweza kuyasikia hata kabla hujafikia lile neno gumu, kwa kuwa ni kweli, uitwe au usiitwe. Nafasi ya chuo na pesa za chuo ni vitu viwili tofauti. Tangu 2023 mwanafunzi anayepangwa na serikali katika chuo kikuu hulazimika kuomba ufadhili mwenyewe, wenye sehemu ya msaada na sehemu ya mkopo, na kiasi anachopewa hutegemea hali ya nyumba yake. Mkopo hutoka kwa bodi ya HELB, iliyokuwapo tangu 1995. Hakuna anayeweza kumwambia baba yako leo ni shilingi ngapi zitapungua, kwa sababu maombi hayo bado, na yanafuata baada ya mtu kupangiwa nafasi. Kuuza chombo kinacholisha nyumba ili kulipia bili ambayo haijaandikwa ni haraka ambayo hata mzazi aliyeitiwa mtoto kweli angeshauriwa aipunguze. Unaweza kumwambia hivyo na ikatosha kwa siku chache. Ila nakuonya kwa upole kwamba ukiyatumia maneno haya kama pazia, utakuwa umeshona kiraka juu ya kiraka, na baba si mjinga. Atakuuliza: "Kwani barua yako ya kuitwa iko wapi?"

Kuhusu zile 20,000 za ami, nafurahi kwamba zimefungwa na hazijaguswa. Zimetolewa kwa ajili ya jambo maalumu, na mpaka jambo lenyewe litokee mimi nazihesabu kama amana. Upande wa sheria ya dini wapo wenye elimu hapo mjini wanaoliweza kuliko mimi, na hawatakosa kukupokea. Mradi ziko katika kanga, hilo ni tatizo lenye dawa.

Niseme machache kuhusu kukosa udaktari, kwa sababu naona umeliacha jambo hilo gizani kana kwamba nyuma yake hakuna ardhi. Mwanafunzi hufikiriwa kwa machaguo yake kwa kufuatana, na asipopata la kwanza mlango wa pili haufungwi kwa sababu hiyo. Anayekosa yote hupewa muda wa kuchagua upya katika kozi zilizobaki na nafasi, na baada ya watu kupangwa hufunguliwa pia dirisha la kuomba kuhamia kozi au chuo kingine, ingawa kuhamia udaktari ni vigumu, maana kozi hiyo hujaa mapema na pointi hutazamwa vilevile. Wapo wanaorudia mtihani. Mimi huwa nasita sana kwa hilo, si kwa sababu ni aibu, bali kwa sababu aliyepata 76 anaweza kurudi akapata 78 na anaweza kurudi akapata 71, na mwaka mmoja wa kuulizwa madakani ni mrefu kuliko wa kalenda. Lakini wapo waliorudia wakashukuru, na siwezi kukufungia.

Uuguzi umeuweka "mwisho kabisa", kwa maneno yako. Sitakwambia kwamba uuguzi ni sawa na udaktari, kwa kuwa si sawa, ni kazi mbili tofauti na kila moja ina mzigo wake. Nitakuuliza tu: unapojiona umevaa koti jeupe, uko mahali gani? Uko na mgonjwa, au uko gatini, watu wakimwita baba yako kwa jina lako? Jawabu lolote kati ya hayo si dhambi. Ila majawabu hayo mawili yanapeleka mtu njia tofauti siku majibu yatakapotoka.

Na lile neno "si kitu". Nimelirudia mara kadhaa na sikulipenda. Mashine inayowapanga wanafunzi inajua alama zako na machaguo yako. Haijui kama uliwahi kutunga uzi katika sindano. Ikisema hapana, itakuwa imesema kwamba nafasi ziliisha kabla ya kukufikia, na hilo linauma, sitakudanganya, linauma hata kwa mtu mzima. Lakini halina habari juu yako zaidi ya hapo. Kama wazo hilo la kuwa si kitu linakujia mara nyingi, au likaanza kukwambia kwamba afadhali usingekuwapo, usingoje kuniandikia mimi barua ya pili. Nenda hospitali ya kaunti hapo mjini uwaeleze kwamba hulali na huli, na umwambie mtu wa nyumbani akusindikize. Wahudumu wa afya hupokea watu wenye hali hiyo kila wiki, na hawatauliza umeitwa wapi.

Simu nayo ipunguzie kazi. Majibu yakitoka, hutahitaji kuyavizia, kwa kuwa mji mzima utajua kabla ya adhuhuri. Chagua wakati mmoja wa mchana wa kutazama, tena ukiwa na mtu karibu, na wakati huo usiwe usiku. Kwa wanaokuuliza madakani, "bado hatujapewa" ni jawabu la kweli, ijapokuwa kwako sasa limekuwa gumu kulitamka kwa sababu ya halwa iliyokwisha kuliwa. Pengine ugumu huo wenyewe unakwambia kitu kuhusu swali ulilonitumia.

Jambo moja la mwisho, nalo ni dogo. Uliniandikia kwamba kila jioni baada ya magharibi humtungia bibi uzi, na kwamba jioni ile aliiweka kofia chini. Kisha ukaniandikia kwamba jioni siku hizi hujifungia chumbani. Hukuniambia nani anamtungia uzi sasa, wala kama ile kofia imeshikwa tena. Ukiniandikia, anzia hapo.